Bustani ya Darini: Mambo ya Kupima Kabla ya Kupandisha Udongo

Mkoa wa Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, unaoanza Novemba au Desemba na kukoma mwezi wa Aprili. Miezi inayobaki ni ya ukame na upepo mkavu. Katika miezi hiyo mboga za majani huadimika, bei yake hupanda, na familia nyingi hurejea kwenye mlenda uliokaushwa. Mwenye kiwanja kidogo mjini hukabiliwa na taabu nyingine: hata akipata maji ya kumwagilia, mbuzi wa jirani hawana mpaka, na kuku wa Singida, anayesifiwa mpaka Dar es Salaam, hamwachi mche ukafikisha majani manne. Si ajabu, basi, mlaji akainua macho na kuitazama nafasi iliyo tupu juu ya kichwa chake, kati ya dari na mabati, au chumba cha juu cha duka kisicho na mpangaji, akajiuliza kama hapo pasingeweza kuwa bustani.

Jibu fupi ni kwamba panaweza, lakini kwa mazao machache na kwa masharti ambayo muuza ndoo, taa na mbegu hana sababu ya kukutajia. Makala haya yanaeleza masharti hayo, ili fedha ya familia isitumike kununua vifaa ambavyo baada ya miezi miwili vitageuka mzigo juu ya nyumba.

Neno moja, dari mbili

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa limewahi kuwapotosha wengi. Katika miji ya mwambao, dari kwa asili ni sakafu ya juu: boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, zikafunikwa mawe na chokaa, watu wakalala na kupika juu yake. Bara, mtu asemapo dari mara nyingi anamaanisha mbao nyembamba au jipsamu iliyopigiliwa chini ya kenchi ili kuficha mabati na kupunguza joto. Dari ya kwanza hubeba watu. Ya pili hubeba vumbi, nyaya za umeme na, kwa bahati mbaya, popo. Msomaji anayesikia kwamba fulani analima mboga darini hana budi kuuliza kwanza ni dari ipi.

Wazee wa Singida walilifahamu jambo hili kwa vitendo. Tembe, nyumba ya paa bapa la udongo iliyojengwa na Wanyaturu na Wagogo, ilikuwa na udongo mwingi juu yake, na wakati wa masika majani yaliota kwenye paa bila kupandwa na mtu. Lakini anayeingia ndani ya tembe huona nguzo kila baada ya hatua chache. Mjenzi alijua kwamba udongo mkavu una uzito wake, na udongo uliolowa una uzito mwingine. Nyumba ya bati ya leo haina nguzo hizo. Kenchi zake zimepimwa kubeba bati na kustahimili upepo, basi.

Uzito

Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa huwa na uzito wa kilo 30 hadi 40. Ndoo kumi, ambazo ni bustani ndogo mno kwa familia, hufikia kilo 300 hadi 400, yaani sawa na magunia matatu au manne ya mahindi. Hakuna mtu mwenye busara atakayepandisha magunia manne juu ya mbao za dari. Udongo humdanganya mtu kwa sababu hupandishwa kidogo kidogo, karai baada ya karai, ukiwa mkavu, kisha hunyweshewa ukiwa tayari juu.

Hata sakafu ya zege ya ghorofa ina mpaka wake. Sakafu ya chumba cha kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba mzigo wa kilo 150 hadi 200 hivi kwa kila mita ya mraba, mbali na uzito wake yenyewe. Tuta la udongo uliolowa lenye kina cha sentimita 20 lina uzito unaozidi kilo 300 kwa mita hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba tuta halifai kabisa ghorofani bila ushauri wa mhandisi, na kwamba vyombo vya kupandia vipangwe kando ya kuta zinazobeba jengo, vikiachiana nafasi, wala visirundikwe katikati ya chumba.

Uzito waweza kupunguzwa sana kwa kuchanganya mboji na makapi ya mpunga au maganda ya nazi yaliyosagwa, udongo ukawa sehemu ndogo tu. Mboga za mizizi mifupi, kama mchicha na giligilani, hutosheka na chombo chenye kina cha sentimita 10 hadi 15. Kwa nafasi iliyo kati ya dari na mabati, hata hivyo, ushauri ni mmoja: usiweke kitu chochote chenye udongo humo. Ukiacha uzito, maji yatakayochuruzika yatazifikia nyaya za umeme zilizolazwa juu ya dari, na mbao zenye unyevu wa kudumu huoza au kuwaita mchwa. Mchwa wa Singida hawahitaji mwaliko wa pili.

Mpangaji akumbuke pia kwamba nyumba si yake. Ruhusa ya mwenye nyumba iombwe kwa maandishi kabla ya chombo cha kwanza kupandishwa, kwa kuwa madoa ya maji kwenye dari ndiyo yatakayokuja kujadiliwa siku ya kurudishiwa amana.

Joto la bati na mwanga unaodanganya

Bati lililopigwa na jua la mchana laweza kupata joto linalozidi nyuzi 60 za selsiasi. Hewa iliyo chini yake, pasipo na matundu ya kutosha ya kuingiza upepo, huwa na joto kubwa kuliko hewa ya nje. Mche haujui kwamba uko ndani ya nyumba. Hujua joto tu. Mbegu za saladi hukataa kuota kwenye joto linalopita nyuzi 30 hivi. Nyanya huchanua, lakini mchana ukipita nyuzi 32 hadi 35 chavua yake huharibika na maua hupukutika bila kuzaa. Mkulima wa darini huona maua mengi, akafurahi, kisha asione tunda, akamlaumu aliyemuuzia mbegu. Mchicha hustahimili joto vizuri zaidi kuliko hizo zote, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuanza nao.

Hata joto linapokuwa la wastani, ndani ya nyumba hamna upepo wala nyuki. Nyanya hujichavusha yenyewe lakini huhitaji kutikiswa. Gonga shina polepole kwa kidole kila siku wakati wa maua. Tango na boga huhitaji chavua ihamishwe kwa mkono kutoka ua dume hadi ua jike. Asiyetaka kazi hiyo apande mboga za majani.

Kuhusu mwanga, vitabu na vipindi vingi vinavyoeleza kilimo cha ndani hutoka Ulaya na Marekani, ambako vyumba vya darini hujengwa na madirisha kwenye paa lenyewe, na ushauri wake wa kwanza ni kutafuta dirisha linalotazama kusini. Ushauri huo haufai Singida. Mji wa Singida uko takribani nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa karibu wima juu ya paa. Mwezi Juni huelekea kaskazini, na Desemba huelekea kusini, lakini siku zote liko juu sana, hivyo ukingo wa paa hulizuia lisiingie dirishani. Kwa hiyo saa ambazo mwanga ni mkali kuliko zote ndizo saa ambazo jua hulichoma bati tu, chumba kikabaki na kivuli. Mwanga wa moja kwa moja huingia kupitia madirisha ya mashariki asubuhi na ya magharibi jioni. La mashariki ndilo bora, kwa kuwa jua la asubuhi huja bado hewa ni baridi, ilhali la jioni hukikuta chumba kikiwa tayari kama tanuri.

Jicho la binadamu halifai kupimia mwanga wa mimea, kwa sababu huzoea giza upesi. Nje, jua la mchana hufikia lukisi 100,000 hivi. Hatua mbili kutoka dirishani, mahali ambapo mtu anasoma gazeti bila shida, zinaweza kuwa lukisi mia chache tu. Kuna kipimo kisicho na gharama: tandaza karatasi nyeupe mahali unapotaka kupanda, kisha nyoosha mkono juu yake kwa umbali wa sentimita 30 hivi saa sita mchana. Kivuli chenye kingo zinazoonekana wazi ni dalili ya mwanga unaotosha mboga za majani. Kivuli hafifu kisicho na umbo maana yake miche itarefuka, itapauka na kuanguka.

Wengine hutoboa paa na kuweka bati la plastiki linalopitisha mwanga. Hilo husaidia, lakini kagua mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza, muulize muuzaji kama bati hilo limewekewa kinga ya jua, kwa kuwa lisilo na kinga hugeuka njano na kupasuka. Pili, kazi ifanywe na fundi paa anayejua kuziba matundu ya misumari, maana mvua ya kwanza ya Desemba haisamehi.

Taa za kukuzia mimea

Taa hizi sasa zinapatikana madukani na kwa wauzaji wa mitandaoni, na hapa ndipo mlaji hupoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine. Maandishi makubwa kwenye kasha yaweza kusema wati 1,000, huku taa yenyewe ikitumia umeme wa wati 100 au pungufu. Idadi ya kwanza ni ulinganisho wa kibiashara tu. Soma kibandiko kilicho kwenye kifaa, mahali panapoandikwa umeme unaotumika hasa. Hiyo ndiyo nguvu unayoinunua. Tafuta pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa kuwa kifaa hiki kitawaka saa nyingi, karibu na maji, mara nyingi wakati mmelala.

Kisha piga hesabu. Taa ya wati 40 inayowaka saa 14 kwa siku hutumia uniti 0.56, ambazo kwa siku 30 ni uniti 16.8. Taa moja ya kiasi hicho hutosha nusu ya mita ya mraba hivi ya mboga za majani. Zidisha uniti hizo kwa bei unayolipa TANESCO, kisha linganisha na bei ya mafungu ya mchicha ambayo nafasi hiyo itatoa kwa mwezi. Mara nyingi soko litashinda. Zaidi ya hayo, kaya iliyo katika kundi la matumizi madogo, ambalo mpaka wake ni uniti 75 kwa mwezi, yaweza kuupita mpaka huo kwa sababu ya taa mbili au tatu tu, ikaanza kulipia umeme kwa bei ya juu. Gharama hiyo haiandikwi kwenye kasha.

Maji ya Singida

Wakazi wa Singida hawahitaji kuambiwa kwamba maji yao mengi yana chumvi. Maziwa ya Singidani na Kindai yaliyo kando ya mji ni ya chumvi, na visima vingi vya mkoa hutoa maji yenye madini mengi, baadhi yake yakiwa na floraidi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Shambani, mvua husukuma chumvi chini kila mwaka. Ndani ya ndoo hakuna mvua. Maji hupanda hewani, chumvi hubaki, na kila ukimwagilia unaongeza nyingine. Baada ya miezi michache utaona utando mweupe juu ya udongo na kwenye kingo za chombo, kisha kingo za majani zikakauka na kuwa za kahawia. Wengi hudhani mmea una kiu, wakazidisha maji yale yale.

Dawa yake ni maji ya mvua. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 600 kwa msimu hupokea lita 36,000 kabla ya upotevu. Tatizo si kuyapata ila kuyahifadhi, kwa kuwa simtangi la lita 5,000 hujaa mapema na kiangazi ni kirefu. Familia inayolazimika kuchagua iyaache maji ya mvua kwanza kwa ajili ya kunywa na kupikia, hasa penye watoto wadogo ambao meno yao hudhuriwa na floraidi, na bustani ipate yanayobaki. Pasipo na maji ya mvua, tumia vyombo vyenye matundu chini, na kila baada ya wiki kadhaa mwagilia kwa wingi mpaka maji yatoke chini, uyakusanye na kuyamwaga nje. Usiyaache kwenye visahani: yatarudisha chumvi kwenye udongo, na mbu watazaliana humo.

Mbegu na dawa

Nunua mbegu zilizo ndani ya pakiti iliyofungwa, yenye nembo ya Taasisi ya Udhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), jina la aina, asilimia ya uotaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mbegu zinazopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye karatasi huenda zikawa nzuri, lakini zikishindwa kuota huna pa kushika. Baada ya kununua, usizihifadhi darini. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa mbegu ni kwamba kila joto la hifadhi linapoongezeka kwa nyuzi 5, uhai wa mbegu hupungua kwa nusu. Kabla ya kupanda, funga mbegu 20 katika kitambaa chenye unyevu kwa siku saba hivi, uhesabu zilizoota.

Hewa kavu na yenye joto hupendwa na utitiri, wadudu wadogo mno wanaofuma utando mwembamba chini ya majani. Vidukari na inzi weupe hufuatia. Usipulizie viuatilifu vya shambani ndani ya nyumba. Lebo za viuatilifu hivyo zimeandikwa kwa ajili ya mahali pa wazi, na sumu iliyopulizwa juu ya chumba cha kulala itashuka chumbani. Osha majani kwa maji, hasa upande wa chini, rudia baada ya siku tatu, na mmea ulioshambuliwa mno utolewe nje. Ukilazimika kununua kiuatilifu kwa matumizi ya nje, hakikisha kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na uheshimu idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kamwe usikubali kilichomiminwa kwenye chupa ya soda.

Na uyoga? Huulizwa mara nyingi, kwa kuwa hauhitaji jua. Ni kweli, uyoga wa mamama huweza kukua katika chumba chenye mwanga hafifu, lakini hutaka hewa yenye unyevu wa asilimia 80 au zaidi, ambayo kiangazi cha Singida hakiitoi bila kunyunyiza maji mara kadhaa kwa siku. Pia hutoa vumbi laini la mbegu zake linalosababisha kikohozi. Usikuzwe mahali watu wanapolala. Mwenye kuuza mbegu za uyoga akiahidi kununua mavuno yako yote, taka ahadi hiyo kwa maandishi kabla ya kulipa.

Pa kuanzia na pa kulalamika

Kwa maoni yetu, matumizi yenye faida zaidi ya chumba cha juu si kuvuna mboga humo bali kuotesha miche. Trei chache kwenye dirisha la mashariki, zikianzishwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba, hulinda miche ya nyanya au sukuma wiki dhidi ya kuku na upepo kwa wiki nne hadi tano. Mvua zikishatulia, miche huzoeshwa jua la nje kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi, kisha hupandwa uani. Trei ni nyepesi, maji yake ni machache, na hasara yake, ikitokea, ni ndogo. Afisa ugani wa kata ataeleza ni aina zipi zinazofaa eneo lako, bila malipo.

Kila unaponunua kifaa au pembejeo, dai risiti ya EFD na uitunze pamoja na pakiti au kasha. Bidhaa isipofanana na maelezo yake, mrudie muuzaji kwanza, ukiwa na vitu hivyo na picha za tatizo. Akikataa, malalamiko kuhusu maelezo ya uongo au bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Kuhusu mbegu, TOSCI. Kuhusu viuatilifu, TPHPA. Kuhusu ubora wa vifaa vya umeme, TBS. Barua iwe fupi: ulinunua nini, wapi, lini, kwa bei gani, uliahidiwa nini na ulipata nini. Ambatanisha nakala ya risiti, na risiti halisi ibaki kwako.